Mji wa Cairo: Ya Kale na ya Sasa



Vijana wengi wakitajiwa Misri, la kwanza linalowajia akilini ni mapiramidi na ngamia. Wala hatusemi kuwa mapiramidi hayastahili kutazamwa. Lile kubwa la Khufu, lililoko Giza, limesimama kwa zaidi ya miaka 4,500, na mtu hawezi kusimama chini yake asistaajabu. Lakini twaona ni hasara kubwa kwa Mwislamu wa pwani yetu kukata masafa yote yale, akapigwa picha juu ya ngamia, akanunua visanamu vya Mafirauni, kisha akarejea kwao asijue kwamba alipita karibu sana na kaburi la Imamu ambaye kwa madhehebu yake hutawadha na kusali kila siku. Basi makala haya tumeyaandika kwa wale wanaokusudia kwenda Cairo, na kwa wazazi wanaowapeleka watoto wao kusoma huko, na hata kwa yule asiyetarajia kusafiri kabisa, kwani mji huu ulikwisha kuingia majumbani mwetu zamani, kabla sisi hatujauingia.

Mtu atauliza: umeingiaje? Na autazame msahafu wake. Mwaka 1924, katika zama za Mfalme Fuad, ulitolewa Cairo msahafu uliosimamiwa na wanavyuoni, kwa kisomo cha Hafs, na msahafu huo ukawa ndio kigezo cha misahafu mingi iliyochapwa baadaye katika nchi za Kiislamu. Kisha na asikilize. Nani katika sisi hakulelewa na sauti ya Sheikh Abdul-Basit Abdus-Samad, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 1988? Arusini husikilizwa, matangani husikilizwa, na mwezi wa Ramadhani sauti yake hutoka katika kila dirisha. Na mwalimu wa chuo anayetaka kumsahihishia mwanafunzi makharija yake humwambia amsikilize Sheikh Mahmud Khalil al-Husary. Huyo ndiye wa kwanza kusoma Kurani nzima kwa tartili ikarekodiwa, na watu wakaanza kuisikia mwaka 1961. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1964, Misri ikafungua idhaa maalumu ya Kurani, na mpaka leo wenye maduka wa Cairo huifungulia asubuhi kabla hawajapanga bidhaa zao.

Ama vitabu, rafu za masheikh wetu wa Lamu, Mombasa na Unguja zimejaa vitabu vya fiqhi vyenye chapa ya Mustafa al-Babi al-Halabi wa Cairo, vile vya karatasi za manjano, matini pambizoni na sharhe katikati. Na wazee wetu waliokuwa vijana mwaka 1954 watakumbuka kuwa ndio mwaka ulioanza kusikika Kiswahili katika Redio Cairo, kikiwahimiza watu wadai uhuru wao, jambo ambalo watawala wa Kiingereza hawakulipenda hata kidogo.

Sasa tueleze asili ya mji wenyewe. Cairo haikujengwa mara moja, bali ni miji minne iliyokaribiana mpaka ikawa mmoja. Wa kwanza ni Fustat. Sahaba Amr bin al-As (R.A.) alipoifungua Misri katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.), alipiga kambi karibu na ngome ya Warumi iitwayo Babilyuni, na baina ya mwaka 641 na 642 akajenga hapo msikiti, nao ndio msikiti wa kwanza katika bara la Afrika. Ulikuwa mdogo, dhiraa 50 kwa 30, nguzo zake magogo ya mitende na paa lake makuti. Wala haukuwa na mnara wala mihrabu ya kuingia ndani ya ukuta. Mtu wa pwani hana haja ya kuelezwa sana msikiti wa namna hiyo. Huu unaoonekana leo ni mkubwa mno, umebomolewa na kujengwa na kupanuliwa mara nyingi, basi mgeni asidhani kuwa nguzo anazoziegemea ziliegemewa na Masahaba. Lakini ardhi ni ile ile.

Mji wa pili, al-Askar, ulijengwa na Bani Abbas mwaka 750, nao haukuacha kitu cha kuonekana. Wa tatu ni al-Qatai, wa Ahmad bin Tulun, nao haukubakisha ila msikiti wake uliomalizika mwaka 879. Tunawasihi wageni wasiukose msikiti huu. Umejengwa kwa matofali, una behewa pana lililo wazi kwa mbingu, na mnara ambao ngazi zake zimezunguka kwa nje. Sisi tuliuingia baada ya alasiri, na makelele ya magari tuliyotoka nayo barabarani yakakatika kana kwamba mlango umefungwa, ilhali haukufungwa.

Mji wa nne ndio al-Qahira yenyewe, maana yake Mshindi. Ulianzishwa mwaka 969 na Jawhar, jemadari wa Mafatimi, na baada ya mwaka mmoja ukaanza kujengwa msikiti wa al-Azhar, ambao Ijumaa ya kwanza ilisaliwa ndani yake katika Ramadhani ya mwaka 361 Hijria, yaani mwaka 972. Mafatimi walikuwa Mashia wa Ismailia, na jambo hili huwashangaza vijana wetu wanaoijua al-Azhar kuwa ni ngome ya Masunni. Mwaka 1171 Salahuddin al-Ayyubi aliuondoa utawala wao, na sala ya Ijumaa ikasimamishwa katika al-Azhar kwa muda wa karibu miaka mia moja, mpaka Sultani Baybars alipoirejesha mwaka 1266. Kwa hiyo heshima kubwa iliyo nayo leo haikuipata siku ya kujengwa. Iliipata kwa kusomeshwa ndani yake karne baada ya karne.

Mwaka 1258 Wamongoli waliuvunja mji wa Baghdad, na wanavyuoni na mafundi wengi wakakimbilia Misri, hata Khalifa wa Bani Abbas akawekwa Cairo tangu mwaka 1261. Kutoka hapo mpaka Waturuki wa Uthmaniya walipoingia mwaka 1517, mji huu ulikuwa na makamu makubwa katika ulimwengu wa Kiislamu. Ibn Battuta aliufikia mwaka 1326 na akashindwa na maneno ya kuusifia. Miaka mitano baadaye, mwaka 1331, alikuwa Mombasa na Kilwa kwetu, na katika aliyoyaandika ni kwamba watu wa huku ni wa madhehebu ya Shafii, wenye dini na wema. Basi jicho moja liliona pande zote mbili.

Anayetaka kuuona mji huo wa zamani, na aingie kwa miguu kutoka Bab al-Futuh, lango lililojengwa mwaka 1087, aifuate barabara ya al-Muizz mpaka atokee Bab Zuwayla upande wa kusini. Ni mwendo wa zaidi kidogo ya kilomita moja, lakini asipoteza siku nzima humo hakuona kitu. Misikiti, madrasa na makuba yamesongamana pande zote mbili. Na kando yake upo mtaa wa Khan al-Khalili, ulioanza mwaka 1382, ambapo kila mwenye duka ataapa kuwa anakupa bei ya ndugu. Sisi hatulaumu biashara. Twasema tu kwamba mke wa nyumba aliyezoea kuomba apunguziwe katika masoko yetu atafanikiwa huko kuliko mumewe.

Katika barabara hiyo lipo jengo ambalo wageni wengi hulipiga picha na kupita, nasi tulisimama mbele yake mpaka wenzetu wakachoka kutungoja. Limesimama peke yake pale njia inapogawanyika, nalo lilijengwa mwaka 1744 na Abdul-Rahman Katkhuda. Chini ni sabili, yaani mahali pa kuwapa maji wapita njia; juu, palipo wazi kwa upepo, ni chuo cha watoto cha Kurani. Namna hii ya kuunganisha maji na chuo ilikuwa ni ada ya watu wa Cairo, na Sultani Qaytbay alijenga mwaka 1479 ya kwanza iliyosimama pasi na kushikamana na msikiti au madrasa. Chini ya ardhi palichimbwa birika kubwa. Mto Nile ulipojaa, wachukuzi walileta maji kwa viriba juu ya ngamia wakalijaza; kisha maji yakapandishwa, yakatiririshwa mpaka madirisha yenye vyuma vya nakshi, na mtumishi akawagawia watu kwa vikombe bila ya kuwatoza kitu. Juu, watoto, na aghlabu mayatima, walisoma juzuu zao. Hati ya wakfu ilitaja mshahara wa mwalimu, chakula cha watoto, na nguo zao za kila mwaka.

Sisi ambao kazi yetu ni hiyo hiyo ya ubao na juzuu tuliyatafakari mambo haya kwa namna ambayo pengine mgeni mwingine hatayatafakari. Aliyeweka wakfu ule alielewa kwamba mwalimu mwenye njaa hasomeshi, na kwamba mtoto asiye na nguo huona haya kuja chuoni. Hakuliacha jambo hilo kwa huruma ya majirani. Aliliandika, akalifungia maduka na mashamba yalipie. Leo jengo limetengenezwa vizuri, na ndani zipo vigae za rangi zenye picha ya al-Kaaba. Lakini hapana maji yanayogawiwa, wala hapana mtoto anayesoma.

Imekuwaje? Mabomba ya maji yalianza kuingia Cairo katika miaka ya 1860, na skuli za serikali zikachukua watoto. Hayo mawili ni maendeleo wala hapana wa kuyalilia. Lakini la tatu ni wakfu wenyewe. Mji huu wote wa kale ulikuwa ukiishi kwa wakfu. Hospitali ya Sultani Qalawun, iliyoanza kujengwa mwaka 1284 katika barabara hii hii, iliwapokea matajiri na maskini, wanaume na wanawake, kwa mapato ya maduka na nyumba za kupangisha. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muhammad Ali Pasha alizitwaa ardhi za wakfu kwa serikali yake, na mwaka 1952 sheria ikafuta wakfu wa jamaa, kisha wakfu wa heri ukawekwa mikononi mwa wizara. Jengo lililokuwa na shamba lake la kulilisha likabaki halina shamba. Ukaja mtetemeko wa ardhi wa tarehe 12 Oktoba 1992, ukazipasua kuta nyingi zilizokuwa zikingoja tu kupasuka. Ni kweli kwamba mji wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1979, na ni kweli kwamba serikali imeitengeneza barabara ya al-Muizz na kuitia taa nzuri. Shukrani kwao. Ila milango kadha tuliikuta na kufuli, na mingine mtu hukata tiketi, akatazama, akatoka.

Nje kidogo ya mtaa huo, chini ya ngome ya Salahuddin iliyoanza kujengwa mwaka 1176, upo msikiti wa Sultani Hasan, uliojengwa kutoka mwaka 1356. Ndani yake zilijengwa madrasa nne, moja kwa kila madhehebu ya Kisunni, kila moja na behewa lake na vyumba vyake vya wanafunzi. Kuta zake ni ndefu hata mtu akiinua kichwa kofia humdondoka. Mwaka 1361 mnara wake mmoja ulianguka ukaua watu wapatao 300, na wengi wao walikuwa watoto wa chuo. Muda si mrefu Sultani mwenyewe akauawa, na kuba aliyojijengea hakuzikwa ndani yake. Taa za vioo zilizokuwa zikining'inia msikitini humo, zenye maandishi ya rangi, sasa ziko katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu. Jumba hilo liliharibiwa vibaya na bomu la gari mwezi wa Januari 2014 na likafunguliwa tena mwaka 2017.

Tukirejea kwa al-Azhar, yenyewe haikufungwa kufuli. Zamani wanafunzi wa kila nchi walikuwa na riwaki yao, yaani ukumbi wa kulala na kusoma: riwaki ya Sham, ya Maghrebi, ya Waturuki, na riwaki ya Jabarti ya watu wa Zeila na Uhabeshi, ambayo katika masheikh wake walitoka wazee wa mwanahistoria mashuhuri Abdul-Rahman al-Jabarti. Mwaka 1961 ilipitishwa sheria iliyoongeza masomo ya udaktari, uhandisi, kilimo na mengineyo kando ya masomo ya dini, na wanawake nao wakafunguliwa chuo chao. Siku hizi wanafunzi wa kigeni wengi hukaa katika mji wao maalumu huko Abbasiya, na miongoni mwao wamo watoto wa Tanzania, Kenya, Uganda na Komoro.

Wazazi wenye nia ya kupeleka mtoto, tuna neno moja nao. Mtoto asipelekwe kwa jina la al-Azhar tu. Asiye na Kiarabu cha kutosha huwekwa kwanza kwenye masomo ya lugha, na miaka hupita, na fedha hupungua, na wengine hurudi na kanzu tu. Na hata mwenye nahau nzuri atapata taabu ya mwanzo. Kijana mmoja wa kwetu alitusimulia kwamba siku yake ya kwanza alimwambia kondakta wa basi kwa Kiarabu fasaha kabisa kwamba anataka kuteremka, na abiria wote wakanyamaza wakidhani anaanza kutoa mawaidha. Watu wa Cairo jimu huitamka kama gafu, na kafu huimeza. Asiyejua hayo hataweza kununua hata mkate.

Na mkate kwao si jambo dogo. Huuita *eish*, yaani uhai. Serikali huutilia ruzuku, na mwezi wa Juni 2024 bei yake ilipandishwa kutoka piasta 5 hadi 20, na hiyo ilikuwa ni mara ya kwanza kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka huo huo paundi ya Misri ilishuka thamani sana, na maisha yakawa magumu kwa watu wa kipato cha kati na cha chini. Mgeni ataliona hilo katika chakula chao: asubuhi ni *ful*, maharage mapana yaliyopikwa usiku kucha kwa moto mdogo, na mchana ni *koshari*, mchanganyiko wa wali, adesi, makaroni na dengu, juu yake vitunguu vya kukaanga na mchuzi wa tungule. Ni chakula cha maskini ambacho matajiri hawakiachi. Mama wa nyumba anaweza kukijaribu kwetu. Hakina kiungo asichokuwa nacho.

Katika Cairo na vitongoji vyake wanaishi watu zaidi ya milioni ishirini, na barabara zao hazina huruma kwa mtembea kwa miguu. Dawa ni treni ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa mwaka 1987, ya kwanza katika Afrika. Katika kila treni yamo mabehewa ya katikati yaliyotengwa kwa wanawake, na dada zetu waliosafiri wanayasifu sana. Mwezi wa Ramadhani mji hugeuka kabisa: usiku ndio mchana, taa za *fanusi* za rangi hutundikwa vichochoroni, na wakati wa magharibi hutandikwa barabarani meza ndefu ziitwazo Meza za Rahmani, ambapo mpita njia yeyote huketi akafuturu asiulizwe jina. Vitambaa vya mahema yanayopambwa siku hizo hushonwa kwa mkono katika mtaa wa washona mahema, nje ya Bab Zuwayla. Na kazi ya sindano ina utukufu wake katika mji huu, maana kwa karne nyingi kiswa cha al-Kaaba kilifumwa Misri, na cha mwisho kilipelekwa Makka mwaka 1962.

Kwa ajili ya familia zenye watoto, lipo bustani la al-Azhar, lililofunguliwa mwaka 2005 juu ya kilima ambacho kwa karne tano kilikuwa jaa la takataka za mji. Walipokuwa wakilichimba walifukua ukuta wa zama za Salahuddin na warithi wake. Na kwa wapendao mambo ya Mafirauni, Jumba Kuu jipya la Makumbusho ya Misri lilifunguliwa rasmi tarehe 1 Novemba 2025 karibu na mapiramidi. Watu wa Maziwa nao wataupenda mto wenyewe, kwa kuwa sehemu ya maji hayo yalipita Jinja kabla ya kupita hapa, ingawa mengi zaidi hutoka Uhabeshi. Katika kisiwa cha Roda kipo kipimo cha mwaka 861, kisima chenye nguzo ya alama, ambacho kwacho walijua kina cha mafuriko na wakakadiria kodi ya mwaka. Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, mafuriko yakakoma.

Tangu zama za Amr bin al-As, kila mtawala mpya alihamia mbele kidogo upande wa kaskazini na mashariki, akawaachia wengine mji wa mtangulizi wake. Ada hiyo haijafa. Mwaka 2015 serikali ilitangaza kujenga mji mkuu mpya wa utawala, kiasi cha kilomita 45 mashariki ya Cairo, na tangu mwaka 2023 wizara zimekuwa zikihamia huko. Mji uliosongamana hivyo unahitaji kupumua, hilo hatulikatai. Lakini barabara pana za kuunganisha mipya na ya kale zilihitaji pa kupita, na mahali palipoonekana pepesi ni makaburini.

Makaburi ya Cairo, yaitwayo Qarafa, ni mji kwa hakika, una njia zake na nyumba zake, na maelfu ya watu wanaishi humo baina ya maiti. Tangu mwaka 2020 sehemu za makaburi hayo zimebomolewa kwa ajili ya barabara na madaraja, na jamaa wameambiwa wahamishe mifupa ya wazee wao. Wasanifu majengo na wanahistoria wa Misri wenyewe wamelalamika, na UNESCO nayo imeeleza wasiwasi wake. Viongozi walisema kuwa majengo yaliyosajiliwa kuwa ya kale hayaguswi. Lakini kaburi la mwanachuoni ambalo halikusajiliwa, au la mwandishi, au la bibi fulani aliyeweka wakfu wa mkate, halina wa kulisemea ila kizazi chake, kama kipo.

Na humo ndimo alimolala Imam Shafii. Alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria (767), akasoma Makka na Madina, akafika Iraq, na mwishoni mwa umri wake akaja Misri, akawa akisomesha katika msikiti wa Amr. Wanafunzi wetu wa fiqhi husikia kila siku *kadimu* na *jadidi*. Kadimu ni kauli zake za Iraq, na jadidi ni zile alizozisema Misri baada ya kuyapitia upya masuala yake; na isipokuwa katika masuala machache, jadidi ndiyo inayofuatwa. Mwanafunzi wake ar-Rabi bin Sulayman, aliyekuwa mwadhini wa msikiti ule wa Fustat, ndiye aliyetupokelea kitabu cha al-Umm. Basi mtoto wa Pate au Tanga anapofundishwa nguzo za udhu, anafundishwa yaliyosemwa katika mji huu.

Imamu alifariki mwaka 204 Hijria (820). Husimuliwa kwamba jeneza lake lilipitishwa nyumbani kwa Sayyida Nafisa, wa kizazi cha Mtume (S.A.W.) na mwanamke mwenye elimu aliyekuwa akimzuru na kusikiliza hadithi kwake, naye akamsalia. Kaburi la bibi huyo nalo lipo karibu, na msikiti wake hujaa watu. Salahuddin aliweka madrasa ya Kishafii kando ya kaburi la Imamu, na mwaka 1211 mtawala wa ukoo wake, al-Kamil, akajenga kuba kubwa ya mbao iliyofunikwa risasi. Ilitengenezwa kwa miaka kadhaa na ikafunguliwa tena mwaka 2021, na nakshi za ndani sasa zaonekana kama zilivyokuwa. Wako Wamisri ambao kwa muda mrefu wamekuwa wakimwandikia Imamu barua za mashtaka na kuzitia kaburini. Hilo si la kuigwa. Mwenye shida na amwombe Mola wake, naye Imamu amsalimie na kumwombea rehema.

Teksi huweza kufika mpaka mlangoni, ila dereva aambiwe wazi kuwa ni Imam Shafii, maana mgeni akionekana tu hupelekwa Giza. Na kabla ya kuvua viatu mtu na arudi nyuma hatua chache aitazame kuba kwa juu. Badala ya mwezi, kileleni pamewekwa chombo kidogo cha shaba chenye umbo la mashua, na watu wa mtaa husema kwamba zamani kilikuwa kikijazwa nafaka kwa ajili ya ndege.